Nimembeba dada yangu hosteli, nyumbani wanajua yeye ndiye anayenibeba

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri hii wenzangu wote wamelala, mimi usiku kucha sijapata hata lepe la usingizi. Naomba usianze kwa kuniambia nina roho mbaya, maana hilo nimeshaambiwa. Nisikilize kwanza.

Chumba ni changu. Jina langu ndilo lililotoka kwenye orodha ya waliopata hosteli, kontroli namba ilitoka kwa jina langu, na hela niliyolipia ni ya bumu langu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Dada yangu (ni mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu hakuna ubinamu, ni dada tu) jina lake halikutoka. Tumeingia mwaka mmoja kwa sababu yeye alipitia diploma kwanza. Huku nje hata chumba cha kulaza godoro tu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na yeye mkopo alikosa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikambeba, yaani nikamlaza kitandani kwangu bila jina lake kuwemo kwenye orodha. Vyuoni kubebana unakujua, karibu kila korido kuna mtu anabebwa, kwa hiyo sioni kwa nini mimi ndiye nionekane nimevunja sheria peke yangu.

Tunalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kitanda cha chini cha deko, godoro la futi mbili na nusu, kwenye joto la Dar, sisi watu wa Njombe tuliozoea kujifunika mablanketi. Silalamikii godoro. Wala silalamikii chakula, ingawa ile 10,000 ya Bodi ya Mikopo kwa siku inahesabiwa ya mtu mmoja na sisi tunaila wawili, na bumu likichelewa kuingia mimi ndiye ninayekwenda kukopa kwa mama ntilie.

Kinachoniuma ni simu ya baba mkubwa. Alinipigia Jumapili baada ya ibada akaniambia, "Mwanangu, mshukuru sana dada yako kwa kukupokea chumbani kwake. Kaa naye kwa adabu, usimchoshe." Chumbani kwake! Nikajibu, "Ndiyo baba, asante." Dada alikuwa hapo hapo kitandani anasuka nywele, anasikia kila neno. Hakusema kitu.

Kumbe si baba mkubwa tu. Mama naye alishanitumia ujumbe kwamba nimfulie dada nguo zake kwa kuwa amenihifadhi. Ukoo mzima unajua mimi ndiye ninayebebwa. Nilimuuliza dada usiku ule kwa sauti ya chini ili wenzetu wasisikie, akasema, "Wewe mdogo, ukisema chumba ni chako au changu unapungukiwa nini?" Sikuwa na jibu. Hadi sasa sina, lakini napungukiwa, Shangazi, nalisikia kabisa.

Halafu ana maneno yake kwamba mimi nina bahati, nimepata mkopo asilimia mia. Bahati! Nimeupata kwa cheti cha kifo cha baba yangu, kile nilichokituma RITA, wanaosajili vizazi na vifo, kihakikiwe, huku mama analia upande wa pili wa simu akinisomea namba zake. Yeye baba yake yupo hai na ana shamba la miti.

Sikatai kwamba amenisaidia. Wiki za mwanzo nilikuwa siwezi hata kuvuka barabara, daladala nilikuwa nafika mlangoni inaondoka bila mimi, yeye ndiye aliyekuwa ananishika mkono. Nilipopata homa usiku yeye ndiye aliyenipeleka zahanati na kukaa na mimi mpaka dripu ikaisha. Wenzangu wa chumba hakuna aliyeamka. Kwa hiyo asije mtu akasema simpendi dada yangu. Lakini zahanati ni zahanati na chumba ni chumba. Kwa nini aseme ananibeba?

Sasa wenzangu nao wamechoka. Tumepangwa wanne, tunaishi watano, maji yakikatika ndoo hazitoshi, na mmoja wao ana pumu na anasema hewa ni nzito. Huyo amenipa hadi Jumatatu. Dada akiwa bado yumo, anakwenda kwa mlezi wa hosteli. Nilimtetea dada mbele yao mpaka sauti ikanikauka, nikasema ni ndugu yangu wa damu, aende wapi? Dada alipoingia, badala ya kushukuru, akawaambia, "Mwacheni huyu mdogo wangu, ni mwoga, bila mimi hawezi kulala Dar." Wote wakaniangalia. Mbele ya watu wanaojua chumba ni cha nani!

Jumatano nina testi, na kozi weki, alama za testi na kazi za muhula, ndiyo alama 40, nikiichezea nitasapu, nirudie mtihani, na nikiendelea hivi nitadisko, niondolewe chuo, mkopo wenyewe uishie hapo. Nafungua desa la kusomea naliangalia tu.

Nikifikiria kumwambia baba mkubwa ukweli mkono unaganda. Baba alipofariki yeye ndiye aliyebeba kila kitu, sare, michango ya shule, nauli ya kuja huku. Nimpigie niseme binti yako muongo? Na nasikia aliuza miti akamtumia dada hela ya chumba. Hela hiyo mimi sijaiona na sijaiulizia, na wala si hiyo inayoniuma, naomba tuelewane.

Najua mlezi akija kukagua na akamkuta, na mimi naweza kunyang'anywa chumba, ile fomu ya masharti ya hosteli niliisaini. Lakini nimelala nawaza hivi: nikinyamaza tu, Jumatatu ifike, mwenzangu aende mwenyewe kwa mlezi, hapo si mimi niliyemfukuza dada, sivyo? Baba mkubwa hawezi kusema ni mimi. Sitaki aondoke, nikikaa usiku bila yeye nitaogopa, nakwambia ukweli. Ila nikimsikia anaongea na simu nyumbani natamani mlezi aje hata leo.

Ninachotaka ni baba mkubwa apige tena aseme amejua chumba ni cha nani, na asimgombeze dada. Hilo linawezekanaje bila mimi kufungua mdomo? Kama utanijibu, tafadhali iwe kabla ya Jumatatu.

Mwanao, mwaka wa kwanza, Dar es Salaam