Barua ya malalamiko kwa wauza vipuri: pistoni ya 0.50, ringi za saizi ya kawaida

Kirumba,
Mwanza.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vipuri vya Pikipiki,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA PISTONI NA RINGI ISIYOLINGANA NA MAANDISHI YA BOKSI

Ninaandika kulalamikia seti ya pistoni na ringi za Honda CG125 niliyoinunua mwezi Juni katika duka lenu la katikati ya jiji, ambayo boksi lake na risiti yake ya EFD vinasema ni ya ovasaizi 0.50, yaani kubwa kuliko ya kawaida kwa milimita 0.50, ilhali ndani yake pistoni tu ndiyo ya 0.50 na ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ni za saizi ya kawaida. Jambo hili nimekwisha kulieleza kwa mdomo kwenye kaunta na kwa simu, na kwa kuwa majibu niliyopewa hayana mashiko, naona ni vyema sasa liwe katika maandishi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yangu, bwana shamba aliyezunguka nayo vijiji vya pamba vya Misungwi, kisha ikakaa stoo miaka mingi chini ya turubai. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyeomba tuifufue, nami nikakubali kwa sharti kwamba kazi ya mikono aifanye yeye, mimi niwe msaidizi. Petroli iliyobaki kwenye kabureta ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia, na kiki haikushuka hata kidogo kwa sababu pistoni ilikuwa imegandana na silinda. Tulimimina dizeli kupitia tundu la plagi na kuiacha ilowe mpaka ikaachia. Tulipofungua tukakuta ukuta wa silinda umeliwa na kutu pale pistoni ilipokuwa imesimama. Hayo si kosa lenu, na nayataja tu ili muelewe kwa nini silinda ililazimika kuchongwa ndani na kupanuliwa kidogo.

Silinda ya CG125 ikitoka kiwandani ina kipenyo cha milimita 56.5. Ikilika huchongwa kwa hatua za robo milimita, yaani 0.25, 0.50, 0.75 na mwisho 1.00, na baada ya hapo mtu hutafuta silinda nyingine. Fundi wa karakana tuliyempelekea huko Nyakato, kama afanyavyo fundi yeyote makini, alikataa kuigusa silinda mpaka aletewe pistoni itakayoingia humo, akaipima kwa mikromita, akachonga kwa kuifuata. Kazi yake ni safi na sina neno naye.

Kasoro aliigundua binti yangu. Kabla ringi hazijafungwa kwenye pistoni, kila moja hutumbukizwa peke yake ndani ya silinda, ikasukumwa chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha nafasi iliyobaki kati ya ncha zake mbili ikapimwa kwa fila geji, yaani fungu la mabamba membamba ya chuma yenye unene unaojulikana. Nafasi hiyo hutakiwa kuwa sehemu ndogo tu ya milimita. Alianza na bamba jembamba, akaongeza la pili, akaongeza jingine, mpaka akawa ameshika fungu zima la mabamba na bado linapita bila kugusa popote. Akaitoa ringi na kuitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Juu ya pistoni kumegongwa namba 50; kwenye ringi, karibu na ncha, mahali ambapo ringi za ovasaizi kwa kawaida huwekewa namba yao, hapakuwa na kitu. Kisha akachukua daftari. Kipenyo kikizidi kwa nusu milimita, mzingo huzidi kwa nusu hiyo mara 3.14, yaani milimita 1.57, na ukijumlisha na nafasi ya kawaida unapata kile hasa tulichokipima. Mimi niliichukia hesabu ya mzingo nilipokuwa shule, na sikutegemea ingenitetea ukubwani.

Tulipozirudisha ringi hizo, mhudumu wenu hakutaka kulitazama daftari. Alimwambia binti yangu aende akamlete baba yake na fundi. Fundi alikuwa amesimama mbele yake. Baadaye alinigeukia mimi akanihakikishia kwamba ringi zitajitanua zenyewe injini ikipata moto. Ni kweli kwamba chuma hutanuka kikipata joto, na ndiyo sababu nafasi ile ndogo huachwa. Lakini kwa ringi ya ukubwa huu, hata joto likipanda kwa nyuzi 200, mzingo hauongezeki kwa nusu milimita, na silinda nayo hutanuka wakati huohuo. Zingefungwa hivyo, mgandamizo ungevuja, oili ingepanda na kuungua, na tungebaki na pikipiki ya kufukuzia mbu.

Jibu jingine lilikuwa kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudishwi. Boksi lenu limefungwa kwa nailoni pande zote; mteja atazijuaje ringi zilizomo bila kulifungua? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na maelezo mmeyaandika ninyi wenyewe kwenye risiti.

Msimamizi wenu niliyezungumza naye kwa simu alikuwa muungwana zaidi. Alipendekeza nichukue seti ya 0.75 kwa nusu bei, tukachonge upya. Nashukuru kwa nia yake, ila sikubali, kwa sababu chuma kikishachongwa hakirudi, na pendekezo hilo linaila hatua moja kati ya mbili zilizobaki kabla silinda haijafika mwisho wake, wakati pistoni na silinda tayari zinakubaliana na kinachokosekana ni ringi tu.

Lipo pia jambo linalozidi pikipiki yetu. CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo Honda waliitengeneza kwa kuzifikiria nchi ambako matengenezo ni ya shida, ndiyo mama wa injini za pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria katika jiji hili. Vijana wa bodaboda hununua kwenu seti za aina hii, nao hufungiwa siku hiyohiyo chini ya mti ili warudi barabarani kutafuta hesabu ya tajiri, bila fila geji. Mmoja wao akiona moshi atamlaumu fundi, au oili, na hatarudi kwenu kamwe kudai. Kama boksi letu lilichanganywa, yaliyokuja pamoja nalo yanastahili kufunguliwa na kukaguliwa kabla hayajauzwa.

Naomba basi mnipatie seti ya ringi za 0.50, ipimwe hapohapo dukani ndani ya silinda nitakayokuja nayo. Mkiwa hamna, mnirudishie bei ya ringi ili nizitafute kwingine. Naomba pia mhudumu yule amwombe radhi binti yangu. Haraka yangu ina sababu: silinda iliyotoka kuchongwa haivumilii unyevu wa huku ziwani, na kwa sasa tunaipaka oili na kuifunga kwenye plastiki kila mara, huku likizo aliyoitegemea kumalizia kazi ikiwa imekwisha. Nisipopata jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani (FCC).

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za boksi, za pistoni na za ringi ikiwa ndani ya silinda, pamoja na ukurasa wa daftari wenye hesabu. Ringi zenyewe ninazo, na namba yangu ya simu mnayo kwenye daftari lenu la oda.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Kirumba