Mfanyabiashara mkimya naye ana namna yake ya kujitangaza

Ndugu Mhariri,

Kila ninaposoma ushauri kwa watu wanaoanzisha biashara zao wenyewe, nakuta agizo lile lile: jitokeze, zungumza na kila unayekutana naye, usione haya. Naandika kwa ajili yetu sisi ambao hatukuumbwa hivyo, kwa sababu naamini kwamba ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, umewafanya watu wengi wenye ujuzi wa kweli wadhani kuwa biashara si mahali pao.

Mimi niliacha ajira nikafungua ofisi ndogo ya kutunza hesabu za wafanyabiashara wengine. Kazi yenyewe niliijua vizuri. Hata hivyo, kwa miezi minne ya mwanzo sikumweleza mtu yeyote asiyekuwa jamaa yangu, nikijifariji kwa methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipoona simu hailii, nilikwenda kwenye semina moja ambako mwezeshaji alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya ukumbi ili tuzitangaze biashara zetu kwa sauti kubwa, na aliyesita aliamriwa aanze upya. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku yoyote ya kazi, na kwa wiki mbili sikuthubutu kumpigia simu hata mteja mmoja.

Baadaye nilitambua kwamba tulikosea wote wawili. Mimi niliigeuza methali ile kuwa maficho. Kila kizuri kilichopata mnunuzi kuna mtu aliyekitaja, na nisipotaja kazi yangu, mwenye kuihitaji atakwenda kwa mwingine, pengine kwa mtu anayeifanya ovyo, kwa kuwa tu hakujua kwamba nipo. Mwezeshaji naye alichanganya ukimya na woga. Mwanasaikolojia Carl Jung, aliyeeleza mwaka 1921 tofauti kati ya watu ambao nafsi zao huelekea ndani na wale ambao nafsi zao huelekea nje, hakuihesabu hali ya kwanza kuwa ugonjwa wa kutibiwa ukumbini.

Hata imani kwamba mzungumzaji hodari ndiye muuzaji hodari ina kasoro. Mwaka 2013 mtafiti Adam Grant alichapisha matokeo ya uchunguzi wa wauzaji 340 waliofanya kazi kwa njia ya simu, ambao mauzo yao yalifuatiliwa kwa miezi mitatu, na ikaonekana kwamba walioingiza fedha nyingi zaidi hawakuwa wachangamfu kupita wote, bali watu wa katikati. Wakimya wa kupindukia nao hawakuongoza, na nalisema hili waziwazi kwa sababu siwahimizi wenzangu wanyamaze. Ninachotaka ni kila mmoja atafute njia ya kujieleza ambayo ataweza kuidumisha mwaka mzima bila kuumia.

Kwangu njia hiyo ilianza kwa kuandika. Nilitumia jioni tatu kuandika ukurasa mmoja unaoeleza ninamhudumia mtu wa aina gani, ninamwondolea tatizo gani, kazi huchukua siku ngapi na malipo yanahesabiwaje. Swali la malipo ndilo lililokuwa likinifunga kinywa, nami nilikuwa nikipunguza bei kabla mteja hajaomba, ili tu mazungumzo yaishe. Bei ilipokuwa imekwisha kuandikwa, sikulazimika tena kuitafuta nikiwa nimetazamwa usoni. Mtu akiuliza nafanya kazi gani, nina sentensi mbili nilizozitayarisha, kisha namuuliza yeye anatunzaje hesabu zake, na kuanzia hapo nasikiliza. Kusikiliza hakunipi taabu, na mteja anayesikilizwa vizuri hutaja mwenyewe shida ambayo nisingeifikia kwa maneno yangu mengi.

Jambo lililonisaidia kupita yote ni kuwaomba wateja walioridhika wanitaje kwa wengine. Niliogopa ombi hilo kwa muda mrefu, nikiliona kama kuomba msaada usio haki yangu. Siku moja nilimwandikia mteja mmoja ujumbe mfupi baada ya kumkabidhi kazi, nikamuuliza kama anamfahamu mtu mwingine mwenye tatizo kama lake. Alinijibu kwa majina mawili, akaongeza kwamba alishangaa sikuwahi kumuuliza. Tangu hapo nauliza kila ninapomaliza kazi, mara moja tu, kwa maandishi, na atakayekataa hasumbuliwi tena. Mikutano mikubwa siendi zaidi ya mara moja kwa mwezi, na nikienda nalenga kuzungumza na watu wawili kwa utulivu, halafu kesho yake nawaandikia. Ujumbe huo wa kesho yake ndio unaoleta kazi, na inasikitisha kwamba wengi wanaochangamka ukumbini huusahau.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa biashara uwape nafasi wafanyabiashara wakimya waeleze walivyowapata wateja wao watano wa kwanza: walimwandikia nani, walisema nini, na walikataliwa mara ngapi kabla ya kukubaliwa. Nipo tayari kuwa wa kwanza, kwa maandishi.

Wako,
Mtunza hesabu na msomaji wenu wa siku nyingi