Kabla Hamjalipa Ada: Barua ya Wazi kwa Wanasayansi Wanaotaka Uzamivu Wakiwa Kazini

Wanangu mlio maabara, hospitalini, viwandani na kwenye vituo vya utafiti,

Nawasalimu. Barua hii ni yenu ninyi wenye shahada ya uzamili na miaka kadhaa ya kazi, ambao sasa mnataka shahada ya uzamivu ya kitaalamu bila kuacha ajira. Sina nia ya kuwakatisha tamaa. Ningependa wengi zaidi waingie. Lakini wanaokwama njiani kwa kawaida wana akili ya kutosha, na kilichowakwamisha kilikuwepo tangu siku ya kujisajili: swali lisilohusiana na kazi yao, saa ambazo hakuna aliyewapa, au data wasiyokuwa na ruhusa ya kuitumia. Hayo hurekebishika kwa wepesi kabla ya kulipa ada, na kwa taabu kubwa baada yake.

Msiichukue shahada hii kuwa njia ya mkato. Uzamivu wa kawaida hudai mchango mpya katika maarifa. Huu wa kitaalamu hudai mchango huohuo, tena uonekane katika utendaji wa taaluma yenyewe. Tasnifu yake mara nyingi ni fupi zaidi, ila kabla yake kuna kozi zenye kazi za kuandika na tarehe zisizosogezwa. Nchini Uingereza, ambako uzamivu wa uhandisi unaofanyika ndani ya viwanda ulianza mwaka 1992, shahada za namna hii kwa kawaida huhesabiwa kuwa na krediti 540, zikiwemo angalau 360 za ngazi ya uzamivu, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza. Jumla ni saa 5,400. Sasa pigeni hesabu. Mwaka una wiki 52. Toeni 6 za maradhi, misiba na dharura za kazini, zinabaki 46. Kwa miaka 5 ni wiki 230, yaani karibu saa 23 na nusu kila wiki. Kwa miaka 6 zinashuka hadi karibu 20. Chuo chenu kikihesabu vingine, chukueni takwimu zake mfanye hesabu ileile kabla ya kujaza fomu.

Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki hawezi kubeba saa 23 juu yake kwa miaka mitano na bado akalala vizuri. Anayeweza ni yule ambaye sehemu ya kazi yake ndiyo utafiti wake. Mwajiri akikupa siku moja kwa wiki, yaani saa 8, zinabaki 15 na nusu: jioni nne za saa 3, na asubuhi moja ya Jumamosi. Hilo linabebeka. Bila siku ile, nashauri usubiri mwaka mmoja ukiendelea kuitafuta.

Ndiyo maana swali la utafiti ndilo jambo la kwanza kulitafakari, na halitafutwi maktaba. Litafuteni katika tatizo linalorudi kila mwezi kazini. Chukueni mfano wa maabara ya hospitali inayokataa sampuli nyingi za damu kwa sababu chembe nyekundu zimepasuka. Kila mtu pale anajua kwamba sampuli hiyo huonyesha potasiamu ya juu kuliko ilivyo mwilini, na kwamba chanzo huwa ni sindano nyembamba mno, damu kuvutwa kwa nguvu, kutolewa kupitia kanula (mrija mdogo ulioachwa mshipani), au chupa kutikiswa badala ya kugeuzwa taratibu. Kuwafundisha wauguzi kisha kuhesabu sampuli zilizokataliwa kabla na baada ni kazi nzuri, lakini ni uboreshaji wa huduma tu. Mtahini hataipa uzamivu. Inapanda ngazi pale mnapouliza kwa nini mafunzo yaleyale yanafanya kazi wodi moja na kushindwa nyingine, wodi zinapoingia kwenye mafunzo kwa zamu iliyopangwa kwa kura, takwimu zinapokusanywa angalau miezi 12 kabla na 12 baada ili mabadiliko ya misimu yaonekane, na wauguzi wanapohojiwa ili kupata sababu ambazo namba hazisemi. Hapo hospitali nyingine inaweza kujifunza kitu, na huo ndio mchango.

Lijaribuni swali kwa njia hii: je, mkipata jibu msilolitaka, bado tasnifu itasimama? Swali linaloishi kwa jibu moja tu litawaangusha mwaka wa nne, wakati wa kurudi nyuma umekwisha.

Hesabu ya sampuli nayo ifanyike mapema, kabla mwajiri hajaahidiwa chochote. Kugundua tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika) kati ya wastani wa makundi mawili, kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti ikiwepo na hatari ya asilimia 5 ya kuiona isipokuwepo, kunahitaji watu 64 kila kundi. Mkikadiria asilimia 15 watajitoa, andikisheni 76. Kisha angalieni daftari la kazini: wagonjwa au sampuli za aina hiyo hupita ngapi kwa mwezi? Kama ni 4, swali ni zuri lakini mahali si pake.

Sasa mwajiri. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara hudumu muda wa ukuu wake. Ombeni barua yenye sahihi ya ngazi inayobaki hata yeye akihamishwa, itaje saa mlizopewa na siku gani, data ipi mnaruhusiwa kuitumia na kuichapisha, nani analipia vitendanishi na muda wa mashine, nani anamiliki uvumbuzi ukitokea, na mtadaiwa nini mkiacha kazi kabla ya kumaliza. Sharti la kubaki kazini miaka kadhaa baada ya kuhitimu lisomeni mara mbili. Kwa walio viwandani kuna jambo la ziada: vyuo vingi huweka tasnifu kwenye hazina ya mtandaoni inayosomwa na kila mtu. Kama kuna siri ya biashara, ombi la kuizuia tasnifu isisomwe kwa muda lipelekwe mapema, na msimamizi ajue tangu mwanzo sura ipi inahusika.

Kibali cha maadili ndipo wengi huchelewa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu, pamoja na marekebisho yake, linataka itifaki (mpango ulioandikwa) ya utafiti unaohusu binadamu ipitiwe na kamati kabla utafiti haujaanza. Kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma. Data mliyoikusanya kama utafiti bila kibali inaweza kukataliwa yote, hata ikiwa safi. Tena mara nyingi mnahitaji vibali viwili, cha chuo na cha taasisi mnayofanyia kazi, na kila kamati inaweza kuomba marekebisho yanayopaswa kurudi kwa mwenzake. Tengeni miezi 3 hadi 6. Na ninyi mlio viongozi wa idara, sikilizeni: mtu aliye chini yako hana uhuru wa kweli wa kukukatalia mahojiano. Mwombeni mtu wa nje ya idara awaalike washiriki, achukue ridhaa, na awape ninyi maandishi yaliyoondolewa majina.

Wasimamizi wawe wawili, mmoja wa chuo na mmoja anayeijua kazi yenu. Msivutiwe na jina kubwa pekee. Muulizeni yule wa chuo amewafikisha mwisho wanafunzi wangapi waliokuwa na ajira, na huchukua siku ngapi kurudisha sura aliyopelekewa. Kubalianeni siku hizo kwa maandishi. Pelekeni rasimu wiki moja kabla ya kikao, na ndani ya siku moja baada ya kikao mtumieni muhtasari wa mlichokubaliana. Msimamizi akibadilika katikati, na katika miaka mitano au sita hilo si ajabu, mihtasari hiyo ndiyo itamwonyesha mpya kwa nini mlichagua njia mliyoichagua.

Mali bila daftari huisha bila habari, na saa za masomo ni mali. Andikeni kila wiki mmetumia saa ngapi na kwa kitu gani. Miezi mitatu ya saa 9 badala ya 15 iwafanye mwende kwa msimamizi kubadili ratiba, kabla tarehe hazijawapita. Jioni za baada ya kazi zipeni kusoma makala, kusafisha data na kupanga marejeo. Kuandika sura na kuchambua takwimu kunataka kichwa kilichopumzika, kwa hiyo kupeni asubuhi ya Jumamosi na siku ya mwajiri. Kila mkifunga kompyuta, acheni sentensi moja inayosema hatua inayofuata, vinginevyo nusu saa ya kwanza ya kikao kijacho itaishia kukumbuka mlipoishia.

Andikeni tangu mwezi wa kwanza. Tasnifu ya maneno 50,000, kwa maneno 300 kila kikao na vikao vitatu kwa wiki, inachukua wiki 56 za rasimu ya kwanza tu. Marejeo yaingizwe kwenye programu ya kuyapanga, kama Zotero, siku mnapoyasoma. Hifadhini maneno mliyotafutia makala, hazina mlizotafutia na tarehe, maana kabla ya kuwasilisha mtalazimika kurudia utafutaji uleule ili kuongeza yaliyochapishwa tangu hapo. Asiye na kumbukumbu hiyo huanza upya.

Data iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na mjaribu kuifungua nakala ya akiba kila muhula. Majina ya wagonjwa yasitoke taasisini. Mnaochambua nyumbani mtumie namba badala ya majina. Kitu kingine kinachowakuta watu kazini ni mashine kubadilishwa katikati ya utafiti. Ombeni mashine ya zamani isizimwe siku hiyohiyo, mpime angalau sampuli 40 za wagonjwa kwa zote mbili, kuanzia thamani za chini hadi za juu, na tofauti iandikwe kwenye tasnifu. Bila hilo, mtahini ana haki ya kusema mabadiliko mliyoyaona ni ya mashine.

Maisha yakizidi uzito, vyuo vingi huruhusu kusitisha masomo kwa muda. Ombeni mapema, mkiwa bado na muhula mbele yenu. Uchovu wa wiki mbili haustahili kusitisha. Ugonjwa nyumbani au kuhamishwa kituo unastahili kabisa, na hakuna aibu ndani yake.

Mwisho wa utetezi wa tasnifu mbele ya watahini, mara nyingi mtapewa marekebisho madogo ya miezi michache, na hapa watu huteleza kwa kurudi kazini wakidhani wamemaliza. Ombeni likizo ya siku 10 baada ya utetezi kabla hata tarehe yake haijapangwa. Tengenezeni jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, mlichobadilisha, na ukurasa. Pale msipokubaliana naye, andikeni sababu katika safu ya pili bila kuacha nafasi wazi, na jedwali hilo liende pamoja na tasnifu iliyosahihishwa.

Ni mimi mzee wenu katika taaluma.