Eksirei safi si mfupa mzima: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali

Ndugu Mganga Mkuu,

Mtoto wa miaka saba analetwa hospitali ya wilaya. Ana homa, mguu haukanyagi, chini ya goti pamevimba. Anapigwa eksirei siku ya tatu ya ugonjwa, majibu yanarudi kwamba mfupa hauna tatizo, anapewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa. Majibu hayo hayakudanganya, yalikuja mapema mno. Bakteria wakiingia kwenye mfupa, eksirei haioni kitu mpaka madini ya pale yapungue kwa asilimia 30 hadi 50, na hapo huwa zimepita siku 10 hadi 14. Picha ya mwezi wa pili itaonyesha kila kitu, pamoja na kipande cha mfupa uliokufa ambacho hakuna dawa itakayokifikia. Hicho ni cha upasuaji.

Tunakuomba waraka wa ukurasa mmoja tu.

Useme kwamba mtoto wa namna hiyo apimwe altrasaundi siku hiyohiyo, mguu unaouma ukilinganishwa na mwenzake. Usaha uliojikusanya chini ya utando wa mfupa huonekana kama ukanda mweusi juu ya mstari mweupe wa mfupa. Kinachokwamisha ni kidogo: mashine nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya wajawazito, kwa hiyo zina kichwa kile kilichopinda cha kuangalia tumbo. Mguu wa mtoto unataka kichwa bapa, cha megahezi 7 hadi 12, na kichwa ni nafuu kuliko mashine. Altrasaundi nayo ikiwa safi, isiwe tiketi ya kurudi nyumbani. Kama homa ipo na CRP, kipimo cha damu cha dalili za maambukizi, iko juu, damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe, antibayotiki ianze, eksirei irudiwe baada ya siku 10. Wenye selimundu ndio wagumu zaidi: mfupa uliokosa damu na mfupa wenye bakteria huweza kufanana hata kwenye MRI, yaani picha ya sumaku.

Kuna na uvimbe unaoota kwenye mfupa. Kijana wa miaka 15, maumivu ya usiku juu kidogo ya goti, na fomu ya maombi imeandikwa maneno mawili: "goti, maumivu". Mteknolojia atapiga goti, kama alivyoagizwa, na uvimbe utakatwa na ukingo wa picha. Fomu itaje umri, muda wa maumivu, homa, na mahali hasa panapouma. Picha ziwe mbili, ya mbele na ya ubavu, zikichukua mfupa wote na viungo vya ncha zake.

Kosa linalogharimu kuliko yote ni kisu kutangulia. Saratani ya Ewing, ya mifupa ya watoto na vijana, huja na homa, ESR (kipimo kingine cha damu kama CRP) hupanda, na ikifunguliwa huweza kutoa majimaji kama usaha. Aliyepasua akidhani ni jipu huwa ametawanya chembe za saratani kwenye misuli, na mguu ambao ungeokolewa unaweza kuishia kukatwa. MRI ya mfupa wote itangulie, kisha kinyama cha kupima kichukuliwe kwa sindano na timu itakayofanya upasuaji wenyewe, maana njia ya sindano nayo itapaswa kuondolewa. Pakiwa pameshafunguliwa, sampuli ziwe mbili: moja kwenye fomalini iende patholojia, nyingine kwenye chupa tasa isiyo na fomalini iende kuoteshwa. Fomalini huua bakteria, halafu maabara inajibu "hakuna kilichoota" na watu wanaamini.

Mwisho, picha zisafiri na mgonjwa. Skrini iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp inatosha kuomba ushauri, ila ule mstari mwembamba wa utando wa mfupa ulioinuka hupotea humo. Apewe CD yenye faili zenyewe, hata kama picha "ilikuwa safi". Akifika hospitali ya rufaa kama Muhimbili, Bugando au KCMC atapigwa nyingine, lakini bila ile ya kwanza hakuna wa kujua uvimbe umekua kwa wiki mbili au kwa mwaka.

Wako katika utumishi,
Madaktari wa radiolojia na wa mifupa