Barua ya wazi kwa wahandisi vijana wa Kigoma mnaotamani uzamivu (PhD)

Wanangu,

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe kwa mliolelewa upande huo.

Wengi wenu mnaniletea fomu za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na za chuo cha Nelson Mandela kule Arusha niwaandikie barua za utambulisho. Nikiuliza mtachunguza nini, najibiwa jina la chuo. Kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja.

Anayetaka kujenga barabara, kuendesha mitambo ya umeme au kufungua karakana yake Mwanga, uzamivu wa nini? Muhuri wa mhandisi mtaalamu hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nayo hutazama kazi ulizofanya. Jisajilini kwanza. Anayetaka kufundisha chuo kikuu ni mwingine. Huyo bila uzamivu atazeekea kwenye uhadhiri msaidizi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapoteleza, hasa ninyi wenye mikono mizuri. Uzamivu si kuunda mashine. Mashine ya kukamua mawese hata fundi wa hapa mjini atakuchomelea, na pengine atakushinda. Msahihishaji wa tasnifu atauliza: umetuonyesha nini ambacho hatukukijua?

Chukueni hayohayo mawese. Chikichi likishachubuka, vimeng'enya vilivyomo huanza kuyavunja mafuta na kuachia asidi. Kuchemsha ndiko kunakovizima. Lakini kwetu mikungu huachwa siku kadhaa ili machikichi yapukutike kwa urahisi, maana kuyapukuchua mabichi ni kazi ya shoka na jasho. Basi asidi hupanda kwa kasi gani katika siku hizo? Dura, hili letu la ganda nene, linatofautiana vipi na tenera, ile chotara ya ganda jembamba wanayoihangaikia watafiti wa kilimo wa TARI kituo cha Kihinga? Na mvuke wa joto gani, kwa muda gani, ungeupukutisha mkungu siku ileile ulipovunwa bila kumaliza kuni za mama wa watu? Hilo ni swali la mhandisi. Joto, muda na kuni vyote vinapimika.

Msimamizi mchagueni kama mtu achaguavyo nahodha wa kumvusha ziwa kwenda Kalemie, kule Kongo. Msimuulize yeye; waulizeni waliokwisha kusimamiwa naye. Sura ya tasnifu hukaa mezani kwake muda gani? Wangapi wamemaliza, na walioacha waliacha kwa nini? Maabara nayo mkaione kwa macho, muombe na mtambo uwashwe mbele yenu. Kuna mitambo inayosifiwa kwenye vipeperushi huku inasubiri kipuri.

Ya fedha sitayarefusha. Ruhusa ya masomo iwe ya maandishi kabla hujaondoka kazini, na mwenzako wa nyumbani aambiwe ukweli kwamba ile miaka mitatu ya kwenye karatasi huzaa mwingine, na pengine mwingine tena.

Mwenye swali aliandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kabla hajampelekea profesa, akawasomee wakamuaji wa Simbo. Wakicheka, awaulize wamecheka nini. Wakianza kubishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu siku za kuacha mikungu, atoe daftari na aandike kila wanachosema, pamoja na tarehe na aina ya mchikichi.

Mzee wenu,
Ujiji