Barua ya wazi kwa wifi yangu, kuhusu ile mikoba arobaini

Wifi yangu,

Grupu la kikundi chetu cha akina mama ulitoka Jumamosi ile ile tulipoipeleka mikoba wodi ya wazazi, na simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia hapa. Nasikia mwanao ameota meno mawili. Mbusu, mwambie shangazi yake amemkumbuka.

Nianze na lako, maana ulikosea. Mikoba ya kujifungulia haifungwi mmoja mmoja. Ukikaa sakafuni, ukatia glavu, ukatia pamba, mtoto akalia ukainuka, ukirudi hukumbuki uliishia wapi. Vitu vinapangwa mezani kwa mstari: makintoshi, ule mpira wa kumtandikia mama, mita moja, glavu tasa jozi tatu, pamba, nyembe mbili, klampu mbili za kubania kitovu cha mtoto, sabuni, doti ya kanga. Kila mtu anashika kitu chake, mkoba ndio unaotembea. Mikoba 40 inakula jozi 120 za glavu. Ukifungua boksi tatu za jozi 50, lazima zibaki 30. Zikibaki 33, kuna mkoba umeondoka bila glavu. Hesabu ya mabaki ndiyo inayosema ukweli, na wewe mhasibu unalijua hilo kuliko sisi sote.

Sista wa wodi alipoumwaga mkoba wa kwanza juu ya toroli, akagusa kitu kimoja kimoja kwa kidole, akauliza, "Za kitovu ziko wapi?" Akafungua wa pili. Wa tatu. Wewe umesimama, mtoto mgongoni, kitambulisho cha kazini bado shingoni, unakunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Nami nikasema mbele ya wote, "Nilimkabidhi yeye."

Najua neno hilo ndilo lililokutoa. Lakini mtu alipaswa kujibu. Akina mama 24 walitoa elfu kumi kila mwezi kwa miezi sita, shilingi 1,440,000, na wengine wanazitoa kwenye genge la nyanya. Klampu nilizikuta Jumatatu nyumbani kwangu, chini ya mfuko wa fulana za kikundi. Uliziulizia Alhamisi kwa simu, nikakujibu zimo humo humo kwenye boksi. Hata hivyo anayefunga ndiye anayehakiki.

Kinachoniuma zaidi ni yale masaa mawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini, hadi masaa mawili kwa siku ya kumnyonyesha mtoto. Wewe uliyatumia kwenda Kariakoo kutafuta pamba na makintoshi kwa bei ya jumla. Tukakupigia makofi. Mtoto akaingizwa maziwa ya kopo, nikaona kwa macho yangu, nikasema, "Wifi yangu jembe." Ungesema umechoka, wifi. Ungesema tu. Pengine ningekujibu kwamba sote tuna watoto, lakini ungekuwa umesema, na mwenyekiti angesikia.

Sasa tumebadilisha. Ugawaji hauwekwi tena Juni, kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na wahasibu wetu huo mwezi hawalali. Kila jukumu lina watu wawili, mmoja akikwama mwenzake anajua vitu viko wapi. Anayenyonyesha anatoa mchango tu, sokoni hatumwi. Anayetaka kupumzika miezi mitatu anaandika mstari mmoja, haulizwi sababu. Tunafunga Jumamosi asubuhi, wiki mbili kabla, kuanzia saa nne hadi saa sita, na kuna dada tunamlipa akae na watoto chumba cha pili. Baada ya hapo mtu ambaye hakufunga anachagua mikoba mitano yoyote, anaimwaga na kuhesabu. Na kabla ya kununua chochote tunamuuliza sista wamepungukiwa nini. Nyembe walikuwa nazo tele, sisi tukawapelekea nyingine 80.

Sikuyapanga haya ili nikuoneshe kwamba nilikuwa sahihi. Mengi umeshawahi kuyasema wewe, pale jikoni kwa mama, nami nikakwambia kikundi si ofisi.

Daftari la stoo bado liko kwako. Ukitaka mpe kaka yangu aje nalo. Ukiamua kulileta mwenyewe, Jumamosi ijayo saa nne, nimeshakuandika kwenye kuhesabu mabaki, umekaa, hubebi kitu.