Ukuta umetoa tumbo? Tuambie kwanza shimo la choo liko wapi

Kila masika simu tunazopokea sisi tunaochunguza udongo na miteremko hufanana. Mtu amejenga Goba, Salasala au Kimara hapa Dar es Salaam, kiwanja kina mteremko, na ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba umeanza kutoa tumbo. "Niongeze nondo?" Huenda. Ila sisi huanza kwa kuuliza shimo la choo liko wapi na maji ya bati yanamwagikia upande gani.

Uzito wa udongo mkavu fundi mzoefu anaukadiria vizuri tu. Kinachomponyoka ni maji. Ukuta wa kimo cha mita 3, nyuma yake maji yakijaa hadi juu, husukumwa na maji peke yake kwa nguvu inayokaribia tani 4 na nusu kwa kila mita ya urefu wake. Udongo wenyewe bado haujahesabiwa! Na msidhani maji huangusha mteremko kwa kuutelezesha kama sabuni. Yakijaa kati ya chembe za udongo hubeba sehemu ya mzigo, chembe hazibanani tena sawasawa, msuguano unapungua.

Hapo ndipo kompyuta inapotusaidia. Tunachora mteremko kama keki iliyokatwa, tunaugawa vipande vidogo kama nyavu, kila kipande tunakipa tabia ya udongo wake: mchanga unapitisha maji upesi, mfinyanzi unayang'ang'ania. Programu hufuatisha maji kwa kanuni aliyoichapisha Mfaransa Henry Darcy mwaka 1856, alipochunguza maji yanavyopita kwenye mchanga wa kuchujia. Kisha inajaribu mamia ya njia ambazo udongo unaweza kuporomokea, inatafuta iliyo dhaifu kuliko zote. Jibu ni namba: uwezo wa udongo kujishikilia, ukigawanywa kwa nguvu inayouvuta chini. Ikiwa 1, uko ukingoni. Sisi kwa ukuta wa kudumu tunataka 1.5. Mteremko uliokuwa salama Agosti unaweza kukaribia 1 mwezi Aprili bila mtu kugusa hata tofali.

Lakini kompyuta haina macho. Lazima tuchimbe, tupeleke sampuli maabara, tuache bomba lenye matundu shimoni tupime kina cha maji, ikiwezekana masika yote. Anayekuletea majibu bila kuchimba hata shimo moja amekuuzia picha ya rangi.

Mara nyingi dawa huwa rahisi kuliko ukuta mpya: kokoto na kitambaa cha kuchujia nyuma ya ukuta, bomba la kutoa maji, au kuhamisha shimo la maji machafu. Na kama matundu ya kutolea maji kwenye ukuta wako hayatoi hata tone mvua kubwa inaponyesha, usifurahi, huenda yameziba.

Ukitupigia, uwe na picha ulizopiga mvua ikinyesha, si siku ya jua. Ukuta ukishapasuka, usilaze watoto chumba cha upande huo.